Majivu Juu ya Miwani

Kila Jumamosi asubuhi Gentille alipeleka vyombo kijitoni. Alisugua sufuria kwa majivu na majani makavu ya mgomba mpaka zikang'aa, kisha akazianika juani mbele ya nyumba. Hapo Kalembe watu wanaopita njiani hutazama sufuria za nyumba na kusema kama kuna msichana ndani au hakuna. Gentille alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alipenda wasiwe na shaka.

Alikuwa akiishi na mama yake, Nyiraneza, mjane mwenye shamba la maharage na mihogo mlimani. Jicho la kushoto la mama lilipofuka zamani. La kulia lilipasuliwa katika kliniki moja ya macho huko Goma, wakalitoa ukungu, na tangu siku hiyo halikuweza kuona vizuri bila miwani nene iliyovimba katikati. Kwa kuwa jua lilimuumiza, lenzi zake zilitiwa giza ndani, na juu zikapakwa tabaka linalorudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia. Alipewa pia dawa ya matone ya kupunguza presha ya jicho, aitie kila jioni bila kukosa.

Jumamosi moja, kabla ya kupanda maharage, mama alilala kidogo akaacha miwani mezani. Gentille aliitazama. Katikati ilikuwa ya buluu, lakini pembeni rangi ilikuwa nyingine, kijani na zambarau, kama mafuta juu ya maji ya dimbwi. Alidhani ni uchafu. Akaichukua pamoja na sufuria, akaisugua kwa majivu.

Rangi ya pembeni haikutoka. Katikati ndiko kulikobadilika: palitokea kipara cheusi kilichojaa mikwaruzo myembamba. Gentille aliisuuza, akaifuta, akairudisha mezani.

Jumatatu mama alirudi mapema kutoka shambani, akishika ukuta. Alisema jua linamwingia machoni lote, na mbele yake kuna ukungu mweupe. Maharage yalipoota alijaribu tena kupalilia, akakata miche badala ya magugu. Mwishowe aliketi mlangoni akiwa ameweka jembe chini.

"Mutoto wangu, jicho njo inaisha," alisema. "Ile ya kushoto ilianza vile vile."

Gentille alitazama sufuria. Alijiambia kwamba atasema kesho.

Mganga wa macho aliyekuwa akija kwenye kituo cha afya, Mama Brigitte, hakuonekana, kwa sababu ya mapigano barabarani. Mama aliacha kutia matone. Gentille alipomkumbusha, alijibu kwamba hakuna haja ya kumwagilia mti uliokauka. Kisha akamweleza uamuzi wake: Gentille ataacha shule, kwa kuwa mtu asiyeona anahitaji mkono wa kushika.

Jumapili Gentille alimwongoza mama kwenda kanisani. Trésor, aliyekaa naye darasani dawati moja, alikuwa amesimama njiani na wenzake.

"Muangalie Gentille," alisema. "Amekuwa fimbo."

Wenzake walicheka. Mama alisikia, akakaza mkono wake begani mwa binti yake, wakaendelea kupanda kilima.

Maharage yalikuwa yametoa maua barabara ilipofunguka na Mama Brigitte akafika. Majirani walikuja kumwita Nyiraneza. Alikataa. Alisema hataki kwenda kusikia kitu anachokijua tayari. Majirani walipoondoka, Gentille alipiga magoti mbele yake.

"Mama, haiko jicho. Njo mimi. Nilisugua miwani na majivu."

"Siku gani?"

"Mbele ya kupanda."

Mama hakumpiga. Aliinuka, akatafuta ukuta kwa mkono, akasema, "Twende."

Mama Brigitte alipima jicho kwa lenzi zake za majaribio, kisha akaikagua miwani karibu na dirisha. Aliomba kiazi na unga. Alikata kiazi vipande viwili, akalaza nusu moja mezani, mgongo juu, akanyunyizia unga kutoka juu.

"Unaona?" alimwambia Gentille. "Juu unga ni muzito, pembeni ni kidogo. Tabaka hii inapakwa na mvuke wa madini ndani ya mashine. Lenzi ikivimba sana, pembeni inapata kidogo, na rangi inageuka. Haikukuwa uchafu."

Alimweleza pia kwamba kilele cha lenzi ndicho kilichoguswa zaidi na majivu, na kilele hicho ndicho kinachokaa mbele ya mboni. Mwanga ulipopiga mikwaruzo ulitawanyika, ukawa ule ukungu mweupe.

Aliipeleka miwani Goma, tabaka lote likaondolewa. Alipoirudisha, giza la ndani lilikuwa zima, na mikwaruzo michache tu ilibaki. Nyiraneza aliivaa, akaona njia, akaona uso wa binti yake. Lakini upande wa juu kulikuwa na kivuli ambacho hakikuwapo zamani. Presha ya jicho ilikuwa imepanda katika wiki zile zisizo na dawa, na sehemu iliyokufa haiponi.

"Kioo nimetengeneza," Mama Brigitte alimwambia Gentille. "Zile wiki mama yako hakutia dawa, siwezi kuzirudisha. Kusugua ilikuwa kosa la kutojua, na kosa la kutojua lina dawa. Kunyamaza ulijua. Ukiharibu kitu, sema siku ile ile, wakati kingali kitu tu."

Gentille alirudi shuleni. Jumamosi bado anasugua sufuria kwa majivu, na miwani anaiosha kwa maji safi peke yake. Jioni humtilia mama matone. Mama huinua kichwa juu sana sasa, kupita kiasi cha mtu anayetazama tone, akitafuta mkono wa mtoto wake pale chini ambapo kivuli kinaishia.