Tangi Lililomwagwa Lundo

Mafuta hayakuibwa. Yalimwagwa. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Wendelin Jumapili ile ya mwaka 1993.

Kontena la tangi lilikuwa juu ya lori pale Lundo, kijiji cha ziwani, vali wazi. Lakiri ilikatwa na kuwekwa vizuri kwenye ngazi. Mafuta yote ya kula yalituama katika shimo la wafyatua matofali, mbali na ziwa.

"Mwizi gani huyu asiyebeba hata chupa moja?" alijiuliza.

Dereva, Sixbert, alikuwa amefungwa pingu tayari. Tajiri mwenye mali, mmoja wa hawa waliochipuka tangu biashara iwe ruksa, alimshuku yeye tu.

"Ulikuwa wapi?"

"Kanisani, afande. Tungeanza kuuza baada ya ibada."

Mke wa Sixbert, Violet, mkaanga samaki, alisimama kando akilia, debe lake tupu mkononi. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kununua mafuta.

Wendelin alichovya kidole, akanusa. Chini ya harufu ya mafuta palikuwa na nyingine, na ghafla akamkumbuka marehemu baba yake, akitoka shamba Mbinga na shati lililolowa dawa ya kunyunyizia kahawa. Akachukua sampuli, kisha akaomba hati ya usafi wa tangi. Ilikuwa na sahihi ya Raimundi, mwosha matangi wa Mbinga.

Kesho yake alikwenda Mbinga, akamkuta mzee huyo mlangoni kwake, amevaa shati safi, hana kazi mkononi.

"Shikamoo, mzee Raimundi."

"Marahaba, afande. Eti dereva mmemfunga?"

"Ndiyo."

"Basi twende. Ni mimi."

"Kwa nini, mzee?"

"Waliniambia safari iliyopita tangi lilibeba mafuta ya kula, nikalisuuza kwa maji matupu. Harufu ya dawa niliisikia. Ila asubuhi hiyo nilikuwa nimenyunyizia kahawa yangu, nikadhani ni mikono yangu. Si unajua, msimu huu Mbinga nzima inanuka hivyo. Nikatia sahihi. Jumamosi mke wangu akafua. Nguo za shamba zilinuka, sawa. Ovaroli ya kuoshea matangi nayo ikanuka, na haijawahi kufika shamba! Nikajua tangi lilibeba sumu, nikadandia lori la mahindi hadi Lundo."

"Ungesema tu."

"Wangeuliza nani alitia sahihi. Miaka kumi na minane sijakosea, afande. Niliona aibu. Sikufikiri mtamkamata kijana wa watu."

Wendelin alishindwa kumfunga pingu. Baadaye angemsaka yule aliyemdanganya mzee kuhusu tangi lile.

Kituoni Mbamba Bay, Sixbert alifunguliwa, akasomewa maelezo ya mzee.

"Debe la kwanza lilikuwa la Violet," alisema. "Wa kwanza kuonja tungekuwa sisi."

Violet alikuwa amemletea chakula. Sixbert alilichukua bakuli, akaketi kwenye benchi karibu na Raimundi, akafunua.

"Kula, baba. Samaki mbasa wa kuchoma. Mafuta ya kukaangia hayakupatikana."

Mzee aliitazama mikono yake, machozi yakimtoka, akaomba maji ya kunawa.