Nilimkuta Mwanaume Jikoni Amevaa Koti la Marehemu Baba

Mwanaume alikuwa ameketi jikoni kwa mama yangu, miguu karibu na moto, anakunywa chai...

Amevaa koti la marehemu baba!

Wueh! Wewe ungefanya nini?

Mimi nilipiga kelele.

"Wewe ni nani? Vua hilo koti! Vua saa hii!"

Mzee wa watu akasimama. Akalivua bila neno, akabaki na shati limelowa mvua, akanipa koti kwa mikono miwili.

"Mrudishie."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Mama, amebeba nyasi za mbuzi. Akaninyang'anya lile koti, akamvisha mwenyewe!

"Mimi ndiye nilimpa."

Ngoja niwarudishe nyuma, mjue kwa nini roho ilichemka hivyo.

Naitwa Ruguru. Kwetu ni Manyatta, Embu, lakini kazi ilikuwa Meru town, kampuni ya bima. Meneja mzima! Ofisi yangu, nyumba safi mtaa wa Kaaga.

Na bado nilikuwa situlii. Mkutano ukianza, miguu inacheza yenyewe chini ya meza. Naenda dirishani, narudi. Natengeneza chai, nasahau kuinywa.

Rafiki yangu wa ofisini, Nasro, aliniambia siku moja, "Ruguru, wewe hukai kwa hiyo kiti. Unaegemea tu."

Kile nilitaka ni kwenda Ireland kutunza wazee. Nilisomea hiyo kazi jioni, cheti nikapata, mwajiri nikapata. Lakini kila mara nilijiambia, siwezi kumwacha mama. Baba alifariki, mimi ni mtoto wa pekee. Nani atamwangalia?

Mwaka huu nikajikaza. Nikaacha kazi! Visa ikatoka, tiketi nikakata. Ikabaki kumwambia mama.

Nikaingia barabarani, na maneno ya watu yakaanza kunipigia kelele kichwani. "Anaenda kuosha mama za wenyewe, wake amemwacha na mbuzi!"

Kufika Chuka, katikati ya safari, nikashindwa. Nikaegesha gari kando, nikampigia boss wangu, Mbaka.

"Boss, nimebadilisha nia. Naomba nirudi."

"Wacha niongee na wakubwa. Nitakupigia."

Sasa mnaona? Nimetupa ndoto yangu pale Chuka kwa ajili ya mama... kisha nafika nyumbani nakuta hayo!

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni Kinyua. Wa Kangeta, huko Meru. Alikuja kununua beberu."

"Kununua beberu ndio avae koti la baba?"

"Hiyo beberu ilikuwa mwaka juzi, Ruguru." Akaangalia chini kama msichana. "Tunaoana."

Ndipo nikaona. Sufuria zimefungwa kwa gunia. Godoro limekunjwa, limekazwa na kamba.

"Unaenda wapi?"

"Kwake, Kangeta. Na mbuzi wanaenda."

Nilitoka Meru kuja kumuaga mama... kumbe mama ndiye alikuwa ananiaga mimi!

"Nimekataa maisha yangu kwa sababu yako!" nikalia.

"Nani alikutuma?"

Nikashika kamba ya godoro, nikaanza kuifungua.

"Kila Jumamosi unakuja hapa na uso wa mtu amefungwa," mama akasema. "Na mimi namwambia Kinyua asije, mtoto wangu anakuja, hana mtu mwingine. Nikasema siku utapata njia yako, na mimi nitashika yangu. Nimengoja, Ruguru. Nimechoka."

Mzee Kinyua akakohoa. "Wacha nitoke, muongee."

"Kaa," mama akamwambia. "Mvua inanyesha."

Basi nikatoka mimi. Nikazunguka boma la mbuzi nikilowa, mbele, nyuma, mbele... Simu ikalia. Boss.

"Una bahati! Wamekubali. Jumatatu urudi kwa kiti yako."

Furaha ikakataa kuja, jameni.

Nikatafuta sababu ya kubaki, nikakosa. Mama ana mtu. Mbuzi wana kwao. Nimebaki mimi... na kumbe naogopa! Naogopa baridi, ugeni, kuanza chini kabisa na umri huu. Woga wangu mwenyewe, nikaupa jina la mama.

"Boss, asante. Mpe mtu mwingine."

"Ati?!"

"Naenda."

Nikarudi ndani.

"Mama, hata mimi nimepata njia. Naenda Ireland."

Mama akaketi juu ya gunia la sufuria. Puu!

"Ireland? Mbali hivyo?"

"Si ulisema ulikuwa unangoja niende?"

"Mimi nilidhani utaolewa Nairobi!"

Tukaangaliana. Tukacheka, kisha tukalia, tumeshikana. Mzee Kinyua akatumiminia chai.

Waliondoka kabla yangu. Mimi ndiye nilibaki kufunga mlango wa Manyatta.

Sitawadanganya, huku Ireland si mbinguni. Mgongo unauma, kuna siku nalia bafuni nikitoka zamu. Na bado situlii sana! Lakini asubuhi nikivaa viatu, najua naenda wapi.

Nikimpigia mama, hana hata dakika. "Ruguru, nitakupigia, tunaenda sokoni!" Simu inakatwa.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii, unayesema kila siku, "Mimi ningeenda, lakini mama..."

Umemuuliza?

Labda amefunga mizigo kitambo. Anakungoja wewe utoke mlangoni, apite.