Mkono wa Marlis

"Wameanza kukujadili. Tulia."

Huo ndio ujumbe wa kwanza alionitumia Marlis. Nitulie vipi? Nilikuwa nimekaa kwenye korido ya shule, juu ya benchi la watoto, magoti yamefika kidevuni, na nyuma ya mlango wa ukumbi kijiji kizima kilikuwa kinapima kama nafaa kuwa mtu wao.

Huku kwetu Uswisi milimani, uraia hauishii kwa karani. Wanakijiji wanakusanyika, wewe unatolewa nje, wanakusema wanavyotaka, halafu wanainua mikono. Ikiwa mingi, wewe ni mwenzao. Ikiwa michache, kesho asubuhi unarudi kiwandani kupasua mbao. Nimepasua mbao zao tangu nilipokuja kutoka Kosovo nikiwa bado na nywele nyeusi. Nyumba nyingi hapa zimeezekwa kwa jasho langu, lakini anayekaa chini ya paa hamkumbuki aliyepasua mbao.

Nikaandika, "Wanasemaje?"

"Mmoja anasema hunywi bia kwenye sherehe ya kikosi cha zimamoto."

"Mimi ndiye ninayewarudisha makwao kwa gari wakishalewa. Mwambie."

"Wamemwambia. Anasema hiyo si hoja."

"Mwingine?"

"Anasema wewe mtu mzuri sana, tatizo ni dini yako tu."

"Kama ni mzuri sana, ainue mkono."

Marlis ndiye mwoka mikate wa kijiji. Tulipendana baada ya mke wangu Nurije kufariki, na hakuna aliyejua. Mimi ndiye niliyemwomba tufiche. Nilimwambia, "Wakijua, watasema nimeifuata pasipoti kitandani kwako. Subiri nipite kwanza." Akasubiri. Leo alikuwa na kazi moja tu mle ndani, kuinua mkono.

Simu ikatetemeka.

"Kaka amesimama."

Köbi, kaka yake. Ana ng'ombe wengi, na mdomo unaowazidi ng'ombe.

"Anasemaje?"

"Anasema hata mkeo hukumzika hapa. Ulimrudisha kwenu. Anasema moyo wako haujawahi kuwa hapa."

Mimi mwenyewe nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Bwana Ambühl, kofia mkononi. Nilimwomba Nurije alazwe kuelekea kibla, basi. Akaniambia makaburi ya hapa yana mstari wake, wote wanalala upande mmoja, hawezi kuuvunja kwa ajili ya mtu mmoja. Ndipo nikapeleka jeneza uwanja wa ndege. Ndivyo walivyo wakubwa. Wanakufungia mlango, kisha wanakushtaki kwamba hukuingia.

Nikaandika, "Nani alininyima kaburi? Muulizeni huyo aliyekaa mbele."

Badala ya jibu, nikasikia sauti yake ndani ya ukumbi.

"Bwana mwenyekiti, kaburi aliliomba. Wewe ndiye uliyemkatalia. Kwa nini hulisemi hilo?"

Köbi akadakia, "Na wewe Marlis umejuaje?"

"Nimejua."

"Siku hizi mkate unauzwa pamoja na habari za marehemu?"

Watu wakacheka. Bwana Ambühl akakohoa.

"Marlis, samahani, sheria inanilazimu niulize. Mwenye uhusiano wa karibu na mwombaji hapigi kura, anatoka nje. Je, unao?"

Nilisimama. Niliunong'oneza mlango kama mwendawazimu, "Sema huna. Sema huna, ukae."

Mlango ukafunguka. Marlis akatoka, koti mkononi.

"Rudi ndani," nikamwambia.

"Nirudi vipi? Nimeshasema."

"Ungesema huna. Neno moja tu, Marlis."

"Mbele ya kaka yangu na kijiji kizima, niseme mimi na wewe si kitu?"

"Ndiyo. Kesho tungecheka."

"Ungecheka wewe. Mimi nimechoka kutokea mlango wako wa nyuma. Theluji ikianguka nazunguka msituni ili nyayo zangu zisionekane. Mtu mzima kama mimi, Imer, najiiba kama mwizi wa kuku."

"Nilikuomba mkono mmoja tu."

"Ndiyo, uliomba mkono. Mimi mwenyewe hujaniomba mpaka leo."

Nilikaa, naye akakaa pembeni yangu. Hatukushikana. Nilikuwa na hasira naye, na yeye na mimi, na ndani kule walikuwa wanahesabu.

Bwana Ambühl alitoka mwenyewe, na tabasamu la mtu aliyekuvunjia chombo chako.

"Kura zimelingana, Bwana Zeka. Zikilingana, sheria inasema mwenyekiti ndiye anayeamua."

"Na umeamua."

"Kijiji hakijawa tayari. Si mimi, ni hali ilivyo. Jaribu tena miaka ijayo."

"Hiyo hali ina mkono? Maana naona aliyeinua ni wewe."

Akatazama viatu vyake, akarudi ndani. Nyuma yake akachomoza Köbi, na watu kadhaa wenye makoti.

"Umeona, dada? Ungefunga mdomo, mkono wako ungemvusha. Umemwangusha mwenyewe."

Kusema kweli, neno hilohilo lilikuwa linazunguka kichwani mwangu. Lakini nilipolisikia kinywani mwake, likaninukia.

"Hajaniangusha yeye," nikasema. "Mikono iliyoniangusha ilikuwa ndani, na mmoja ni wako wewe."

"Haya, basi karibu nyumbani, shemeji," akasema kwa kejeli.

"Asante. Umelitamka mwenyewe, na mashahidi hawa hapa."

Watu wakacheka, safari hii hakuchekwa Marlis. Köbi akaenda zake bila kufunga koti.

Nikamgeukia Marlis. "Sasa nakuomba wewe. Utakubali nikuoe?"

"Unaniuliza ukiwa na hasira."

"Nikisubiri hasira iishe, tutazeekea hapa."

Akanitazama sana. "Nakubali. Na ujue, ukinioa pasipoti unaiomba serikali kuu. Hakuna mkono unaoinuliwa."

"Sitaki ya mlango huo. Watasema walikuwa na haki kunidhania. Nataka hawahawa wainue, na Köbi akiwa amekaa pale."

"Watakukataa tena."

"Wanikatae tena."

Tulifunga ndoa Aprili. Bwana Ambühl akatuletea kadi, ametia saini kwa niaba ya kijiji. Nilimuuliza Marlis, "Huyu ananipongeza kwa kumuoa mwenzao, na mimi ni nani wao?" Akasema niache, nile.

Jana nilipeleka ombi jipya. Niliporudi nilimkuta anatoa mikate kwenye tanuri.

"Unajua siku hiyo utatolewa nje tena," nikamwambia. "Na mkono wako hautahesabiwa."

"Najua," akasema. "Safari hii wasijisumbue kuniuliza. Nitakaa nje na mume wangu tangu mwanzo."