Barua Zilizoingia Waya Umechomolewa

Chumba cha Mwongeli kilianza kunuka udi mwaka ule wa mvua za El Nino, na yeye hakuwa amefukiza chochote.

Ndimo alimofanyia biashara, hapo mtaani Komarock, mbele ya nyumba yake. Watu walikuja kuwaandikia jamaa zao wa ng'ambo barua pepe, wote wakitumia anwani yake moja. Asubuhi alichomeka waya wa simu, modemu ikalia na kukwaruza, barua zikashuka. Siku hizo zilishuka pamoja na takataka: dawa za upara, utajiri wa haraka, wachumba wasiojulikana. Fundi alimwekea chujio la kuzizuia, akamwonya, "Usijibu hata moja. Ukijibu, watajua kuna mtu."

Chujio halikufua dafu. Sanduku la barua lilijaa takataka hadi barua za wateja zikawa zinarudishwa zilikotoka. Aliyeumia zaidi ni Mama Ooko, jirani yake, ambaye mwanawe alikuwa baharia na meli yake haikuwa imesikika tangu dhoruba ilipovuma baharini.

"Hakuna kitu leo?"

"Hakuna, Mama Ooko. Zimejaa hizi za upuuzi tu."

Mama wa watu aliondoka akiburura viatu. Mwongeli alishikwa na uchungu. Akafungua barua moja isiyo na jina la mtumaji, akaandika: *Tafadhali, tuacheni.*

Jibu likaja papo hapo: *Kumbe upo.*

Akachomoa waya. Barua zikaendelea kuingia, moja juu ya nyingine, waya ukiwa mkononi mwake, kila moja ikiwa na jina lake, kisha jina la utani ambalo marehemu mama yake pekee ndiye aliyemwita kwalo, na ule udi ukazidi kukolea mpaka akahisi mtu ameinama nyuma ya kiti chake.

Kesho yake alimleta Mama Khadro, muuza udi wa Eastleigh aliyejulikana kwa kuwasomea watu dua. Mama Khadro alisimama mlangoni, akanusa.

"Ulimjibu?" akanong'ona.

"Mara moja tu."

"Basi ameshajua pa kubisha. Nitasoma, naye atakuita. Usiitike, hata akija na sauti ya nani."

Walifunga mlango mchana ule mvua ikinyesha. Mama Khadro alisoma, akanyunyiza maji pembeni. Modemu, bila waya, ikaanza kukwaruza polepole, halafu mkwaruzo ukawa pumzi, na pumzi ikawa sauti ya mama yake, mama aliyefia Machakos kabla Mwongeli hajafika kumuaga, sauti ileile ya kukohoa kidogo kabla ya kusema, ikatoka nje ya mlango, karibu kabisa na komeo: "Mwongeli, mwana wakwa, mwanangu. Nimelowa huku. Hata leo hutanifungulia?"

Mwongeli alijisokomeza leso mdomoni. Machozi yalimtiririka. Sauti ilimwita tena, kwa upole, kisha ikalia, kisha ikanyamaza. Harufu ikaisha.

"Amekuacha," Mama Khadro alisema, akachukua mwavuli wake akaenda zake.

Mwongeli alichomeka waya. Sanduku lilikuwa tupu, na ndani yake ikashuka barua moja. Alimwita Mama Ooko, akamsomea: meli ilipata hitilafu, wamefika nchi kavu, kijana ni mzima na anakula vizuri. Mama Ooko aliketi sakafuni akalia, na Mwongeli akaketi naye, wakashikana, wakaanza kucheka kama wasichana.

Upande wa pili wa ukuta, kwa jirani mwingine, Waruguru mshonaji, cherehani ilinyamaza.

"Eeh? Ni nani?" Waruguru aliitika. Kisha akasema kwa sauti laini, kama anayemjua mgeni, "Kumbe ni wewe. Ngoja nikufungulie."

Mwongeli alikurupuka kwenda kumzuia, lakini komeo la kule lilikuwa limeshavutwa.