Maziwa Kwenye Jicho la Mtani

Kisomajicho kilisimama kwenye lango la mtaa wa Gerezani, kirefu kuliko nguzo ya taa, kikiwasoma watu bila kuwagusa. Mtu alikodoa macho mara moja tu, na mashine ikajua hali ya konea yake, kile kioo kinachofunika mboni. Taa ya kijani, unapita. Taa nyekundu, unapakiwa kwenye gari la kijivu.

Aliyekiunda ni Mhandisi Nkwabi. Alikiunda ili watu watibiwe, maana vumbi la saruji, cheche za karakana na dawa za kienyeji za kutia machoni zilikuwa zimeharibu konea za watu sita katika kila mia jijini Mzizima Mpya. Halmashauri iliahidi kuwashusha hadi mmoja. Ikatibu kidogo, ikachoka. Kisha ikaona njia nyepesi: mgonjwa akitolewa mjini, hahesabiwi mjini. Wakawa wanapelekwa ng'ambo ya mto, na hakuna aliyerudi.

Msimamizi wa lango aliyefikisha idadi ya wagonjwa aliyopangiwa kuwatoa aliruhusiwa kubaki na mgonjwa wake mmoja nyumbani. Mama yake Nkwabi alikuwa na kovu jeupe jichoni. Leo ilikuwa siku ya mwisho, na lango alilosimamia Nkwabi lilipungukiwa mtu mmoja.

Akatokea Mtoro, fundi wa kuchomelea vyuma, akipepesa macho. Yeye Mzaramo, Nkwabi Msukuma. Watani hao hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana.

"Wewe mla michembe ya viazi vikavu, bado hujafa?"

"Nikifa nani atakuzika? Kodoa hapo."

Taa ikawaka nyekundu. Nkwabi akaitazama picha. Palikuwa na ukungu juu ya konea, nao uliteleza kila Mtoro alipopepesa. Kovu halitelezi.

"Umeweka nini jichoni?"

"Jana mwanga wa kuchomelea ulinipiga. Shemeji yako ananyonyesha, akanikamulia maziwa asubuhi. Mafundi wote tunafanya hivyo. Lete kitambaa nifute, usome tena."

Kitambaa kilikuwa mfukoni. Nkwabi akakishika. Akamwona akilini mama yake akipapasa ukuta kuutafuta mlango wa jikoni. Akakiachia.

"Panda gari."

Mtoro akacheka. "Leo umepania. Unanipeleka wapi?"

"Kwetu, ukalishe ng'ombe."

Mikono ya chuma ya gari ikamshika makwapani. Akazidi kucheka. "Jamani, mwambieni mke wangu nimetekwa na Msukuma."

Foleni nzima ikacheka. Watu waliwajua wawili hao. Hakuna aliyesogea.

Mlango ukajifunga. Kicheko kikaendelea kusikika ndani, kikapungua, kikakatika. Halafu vikaanza vishindo vya ngumi kwenye bati, gari likaondoka navyo.

"Mtani wako anajua kuigiza," alisema mwanamke aliyefuata kwenye foleni, akijifuta machozi ya kicheko.

"Anajua," alisema Nkwabi. "Kodoa hapo, mama."