Nywele za Shemeji

Haya yalimkuta rafiki yangu fundi saa, na mpaka leo akiyasimulia hunitazama miguuni, si usoni.

Alialikwa na mteja wake kwenye hoteli ya kisiwani, kuvua kwa ndoano iliyofungwa manyoya ili samaki aidhanie dagaa. Manyoya hakuwa nayo. Akafungua droo ya mkewe, akakata kipande cha msuko wa nywele za marehemu shemeji yake, dada wa mkewe, ambao mkewe aliutunza kama mboni ya jicho.

Wakiwa majini, maji ya magoti, mwenyeji akamuuliza, "Nywele za nini hizo, fundi?"

"Za mbuzi." Wageni wengine waliokuwa wakivua nao wakaangua kicheko, naye ili kunogesha akalia, "Mee!" Papo hapo samaki mkubwa akakata uzi, akaenda na ndoano.

Jioni umeme ukazimika. Alikuwa bafuni, moyo ukimsuta, aliposikia chumbani kitana kikipita kwenye nywele zilizolowa: kwaruu, kwaruu, taratibu.

"Nani?"

Kwaruu, tena.

Taa ziliporudi, chumbani hapakuwa na mtu. Juu ya mto ilikuwepo ndoano ile ile, ikichuruzika maji ya chumvi. Nywele zilizofungwa kwenye ndoano hiyo zilikuwa zimesukwa vizuri, na zilikuwa ndefu kuliko zile alizokata.