Chumba Ambacho Bi Mwajabu Hakukilima

"Umepita ukutani, Firdausi."

Firdausi akasimama, mguu mmoja sebuleni, mwingine bado uwanjani.

"Mlango uko wapi, fundi?"

"Hapo vigingi vilipokaribiana. Rudi, uingie kama watu."

Akarudi. Akakunja goti kidogo, akapiga makofi ya adabu kama wafanyavyo wanawake wa Kiha wakisalimia.

"Mwidiwe."

"Mwidiwe, mama mwenye nyumba," Hilali akajibu, ameketi juu ya jiwe lililokuwa kochi.

Nyumba yao ilikuwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye vigingi, katika kiwanja cha Heru Juu, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Ndani yake hamkuwa na kitu ila nyasi na upepo. Hata hivyo, kila Ijumaa jioni walikaa humo. Firdausi alifungua madirisha ambayo hayapo, akalalamika kwamba ukungu unaingia. Hilali alinyoosha kidole angani.

"Pale nitaweka feni."

"Feni na baridi hii? Weka taa, mume wangu. Kila chumba."

"Na chooni?"

"Chooni kwanza. Sitaki kukanyaga vyura."

Hilali alikuwa akichomelea mageti na madirisha ya chuma mjini Kasulu. Firdausi alikuwa na saluni mtaa wa pili. Mzee Saidi, baba yake Firdausi, aliwapa washenga sharti moja: nyumba ya tofali za kuchoma, bati juu, umeme ndani. Hapo ndipo ndoa ifungwe.

Kisha mwaka 2014 ukaingia na bei mpya ya umeme. Sementi, inayosafiri mbali mpaka ifike kwao, nayo ikapanda. Firdausi akazima draya. Wateja wake wakawa wanaanikwa barazani kama mihogo, nywele zikauke kwa jua. Waliokuwa wanajenga wakaacha kujenga. Mashine ya Hilali ikawa inakula uniti nyingi za umeme wa LUKU kuliko kazi inazoleta.

"Tupunguze nyumba," Firdausi akamwambia siku moja pale saluni. "Chumba kimoja. Tofali mbichi, nyasi juu."

"Baba yako alisemaje?"

"Baba alishaoa wa kwake. Wewe unanioa mimi."

"Siwezi kukuingiza gizani, Firdausi."

Akaondoka, chai yake ikabaki inatoa moshi.

Mwezi wa Machi, asubuhi ya manyunyu, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Firdausi:

"Nimeng'oa kamba. Nimeongea na mzee Saidi, nimemrudishia neno lake. Nurudini wa duka la sementi anataka kukuposa. Ana nyumba, ina taa kila chumba. Mkubalie. Mimi naenda Kibondo kutafuta maisha."

Firdausi akaacha kichwa cha mteja kimejaa povu.

"Dada, macho yananiwasha."

"Maji yako kwenye ndoo, mpenzi. Jimwagie."

Akadandia bodaboda mpaka Heru Juu. Kamba haikuwepo. Bi Mwajabu, mama yake Hilali, alikuwa ameinama na jembe, khanga imefungwa kiunoni. Firdausi akakunja goti, akapiga makofi.

"Mwidiwe, mama."

"Mwidiwe, mwanangu."

"Mama, umelima nyumba yangu."

"Mwenzio kaniambia nilime yote, ardhi isikae bure. Nimelima sebule. Nimelima jiko. Maharage yote hayo."

Firdausi akatazama. Katikati ya udongo mwekundu uliotoka kulimwa, kilibaki kipande kimoja cha nyasi, kimenyooka pande zote kama mkeka.

"Na hapo?"

"Hapo ni chumbani kwenu," Bi Mwajabu akasema, akapangusa jasho. "Mimi silimi chumbani kwa watu."

Firdausi akacheka, na machozi yakamtoka katika kicheko hicho hicho. Akavua viatu, akaingia, akajilaza chali. Nyasi zilikuwa na ubaridi. Mawingu yalipita taratibu mahali ambapo dari lingekuwa, naye akahisi nyumba nzima inaelea, inampeleka. Akapiga simu.

"Uko wapi?" Hilali akauliza. Nyuma yake konda aliita abiria wa Kibondo.

"Chumbani."

"Chumbani kwa nani?"

"Kwetu. Mama yako amegoma kukilima."

"Firdausi, huko hakuna chumba."

"Basi mimi nimelala wapi?" Sauti yake ikabadilika. "Baba yangu ukaenda kuongea naye. Mimi ukanitupia ujumbe. Kwani mimi mbuzi, Hilali, unanifungua hapa unanifunga kwa Nurudini kwa sababu ana taa?"

"Niliona aibu. Nilikuchorea nyumba kubwa, na kila nikiisogelea inakimbia."

"Sikuipenda nyumba kubwa. Nilipenda kukusikia ukiijenga."

Konda akaingilia: "Bosi, unapanda au tukuache?"

"Mjibu mwenzio," Firdausi akasema.

"Niacheni," Hilali akamwambia konda.

Alifika Heru Juu ameloa. Akavua viatu ukingoni mwa nyasi, akaketi kando yake. Firdausi akampigia baba yake, akaweka sauti kubwa.

"Baba, Nurudini simtaki."

"Nilidhani hivyo. Tatizo keshanunua koti."

"Naolewa na Hilali. Chumba kimoja, nyasi juu. Umeme hakuna."

Hilali akaiomba simu.

"Shikamoo, mzee. Nilikosea kukurudishia neno. Ninalitaka tena."

"Marahaba. Kabla ya kuja kwangu, ulimuuliza yeye?"

"Hapana, mzee."

"Hilo ndilo kosa lako. Umasikini si kosa." Mzee Saidi akakohoa. "Na tofali mtafyatua lini, kwa mvua hii?"

"Kiangazi, mzee."

"Usichukue udongo wa mtoni, utapasuka. Nitakuja mwenyewe tutafute wa kichuguu."

"Na ndoa, baba?" Firdausi akauliza polepole.

"Tofali ndizo zinazosubiri jua. Ninyi mtakaa kwa Bi Mwajabu. Aje Ijumaa na watu wake."

Simu ikakatika. Hilali akautafuta mkono wa Firdausi kwenye nyasi, akaupata. Matone yakaanza kuwa makubwa.

Bi Mwajabu akaweka jembe begani.

"Haya, wenye nyumba. Paa lenu linavuja. Njooni kwangu mle."